Tunzo kwa Simu

Shangani, kwenye Barabara ya Kenyatta, ipo nyumba ambayo watalii huipiga picha kabla hawajauliza kiingilio. Tangu mwaka 2019 ni makumbusho ya Freddie Mercury. Mwenyeji anayepita hapo akienda zake Forodhani pengine hageuzi hata shingo. Kwa Waunguja wengi hilo ni jina la biashara zaidi kuliko mtoto wa mtaa, na wapo ambao wasingependa liwe hata la biashara. Lakini ni wetu, tutake tusitake. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi, baba yake akifanya kazi katika serikali ya kikoloni. Angali mdogo alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Alirudi kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Yaliyofuata yanajulikana: bendi ya Queen, viwanja vilivyofurika, na kifo tarehe 24 Novemba 1991.

Mimi nataka yaliyomfika baada ya hapo. Mei 2002 nyimbo za Queen zilifumwa zikawa mchezo wa jukwaani, We Will Rock You, hadithi ikiandikwa na Ben Elton. Ulifunguliwa London katika ukumbi wa Dominion, na juu ya mlango likasimamishwa sanamu kubwa la Freddie, mkono hewani. Ulidumu hapo miaka 12, hadi Mei 2014, na nje ya London yakazuka makundi ya kuuzungusha mji kwa mji. Sasa tazama waliopewa kuimba. Malkia katili wa hadithi hiyo, Killer Queen, London aliwahi kuigizwa na Brenda Edwards, ambaye Waingereza walimjua kwanza katika shindano la televisheni la The X Factor mwaka 2005. Mchezo ulipozunguka Australia mwaka 2016, malkia alikuwa Casey Donovan, aliyeshinda Australian Idol mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 16. Na kiti chenyewe cha Freddie, katika bendi yenyewe, kimekaliwa na Adam Lambert, mshindi wa pili wa American Idol mwaka 2009, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akizunguka dunia na wazee wawili wa Queen, Brian May na Roger Taylor.

Kumbe nyimbo za mtoto wa Mji Mkongwe zimerithiwa na watu waliopita kwenye chekeche la televisheni. Sisemi hawajui kuimba. Lambert ana koo ambalo hata mpinzani wake atalikubali, ijapokuwa kwa shingo upande. Ninachotaka kujua ni kitu gani hasa anachonunua mtu anayetoa pesa kwenda kumtazama jukwaani yule aliyekwisha kumwona bure sebuleni kwake wiki kumi mfululizo. Na nadhani swali hili, ukiliuliza Unguja, linajibika upesi kuliko London.

Kwanza hesabu, maana biashara hii imejengwa juu ya hesabu.

Mchezo wa nyimbo, nikiuita hivyo kwa kukosa jina lililokubalika, ni hadithi inayosimuliwa jukwaani kwa maneno, nyimbo na ngoma, wapigaji wakiwa chini au nyuma, kwa saa mbili na zaidi. Ni ghali. Kuna waigizaji, wapigaji, mafundi wa taa, mafundi wa sauti, washonaji, malori. Ukikaa mahali pamoja, kama We Will Rock You ilivyokaa Dominion, unaweza kuanza vibaya na bado ukapona: sifa zikapita mdomo kwa mdomo, mtu akamwambia jirani, jirani akaja na wageni wake. Mchezo unaosafiri hauna nafasi hiyo. Unafika mji Jumatatu, unafungua Jumanne. Ijumaa ndipo watu wanaanza kuambiana kwamba ni mzuri. Jumapili malori yanapakia. Tiketi lazima ziwe zimeuzwa kabla pazia halijafunguka, na kabla ya pazia kufunguka hakuna cha kumuuzia mtu isipokuwa jina.

Mwaka 2006 BBC na mtunzi Andrew Lloyd Webber waliipeleka hesabu hiyo mbele zaidi. Lloyd Webber alitaka kuirudisha The Sound of Music London na hakuwa na Maria. Badala ya kumtafuta kimya kimya katika usaili wa kawaida, usaili wenyewe ukafanywa kipindi cha televisheni, nchi nzima ikipiga kura kwa simu. Aliyeshinda, Connie Fisher, alipanda jukwaa la London Palladium mwezi Novemba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Lee Mead kushinda nafasi ya Joseph, na mwaka 2008 Jodie Prenger akashinda nafasi ya Nancy katika Oliver! Kwa wiki kadhaa watu waliwaona vijana hawa wakikosea, wakilia, wakisifiwa na kuponea chupuchupu. Tangazo la namna hiyo promota hawezi kulinunua hata akiuza nyumba yake. Wengine wakafuata njia hiyohiyo kwa mlango wa nyuma: Joe McElderry, mshindi wa The X Factor mwaka 2009, alizunguka miji ya Uingereza mwaka 2016 akiwa Joseph huyohuyo.

(Joseph huyo, kwa asiyemjua, ni Nabii Yusuf, na joho lake la rangi nyingi, na ndugu zake waliomtumbukiza kisimani. Mtoto yeyote wa chuoni Unguja anakijua kisa hicho kuliko waliokinunulia tiketi. Lakini kumwigiza nabii jukwaani, tena anacheza na kukata viuno, ni jambo ambalo hapa halifikiriki, na sitarajii kuona bango lake Darajani.)

Hesabu ikatimia, ila koo halikuulizwa. Jukwaa la London linadai maonyesho manane kwa wiki, na siku mbili kati ya hizo unaimba mara mbili, mchana na usiku. Connie Fisher alianza kuugua koo mapema, madaktari wakamtaka apunguze, akabaki na maonyesho sita. Miaka michache baadaye matatizo ya koo yalimlazimisha kuachana kabisa na uimbaji wa aina ile. Marekani, Fantasia Barrino, mshindi wa American Idol mwaka 2004, aliingia katika The Color Purple mwaka 2007. Ukumbi ukajaa, na yeye akakosa maonyesho mengi kwa maradhi. Sauti ya shindano hulelewa kwa dakika mbili. Unapanda, unachagua wimbo wenye kilele karibu na mwisho, unatoa yote uliyonayo, unashuka, unapumzika wiki. Anayetoa yote Jumanne usiku katika mchezo wa kusafiri, Jumatano mchana hana kitu.

Usiku huo wa Jumatano kuna mtu anayekaa nyuma ya pazia akiwa amevaa tayari, ameyahifadhi maneno yote, hajulikani na yeyote. Ndiye mbadala. Siku nyota asipoweza, yeye huingia, na ukumbini hupita mguno. Mara nyingi anaimba vizuri kuliko nyota, kwa sababu amesomea miaka mitatu kuyafanya hayo tu. Mguno hautoki masikioni. Waliokaa pale walishalipa kumwona mtu wao.

Mtu wao. Hapa ndipo ninaporudi nyumbani.

Shangazi yangu, mkaazi wa Michenzani, ndiye aliyenifundisha kuyaangalia mashindano haya. Bongo Star Search ilipoanza kuonyeshwa nchini, katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, akaja kuwa mfuasi wake na wa mengine yaliyofuata. Alikaa na simu mapajani kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa. Akisha kutuma ujumbe wa kumpigia kura mshiriki anayempenda, hakusema "nimepiga kura." Alisema, "Nimemtunza yule mtoto." Mwanzo nilimcheka. Baadaye nikaona kwamba yeye ndiye aliyelipa jambo jina lake, na waandishi wote wa magazeti wa Uingereza walilikosa.

Kutunza, kwa mtu wa visiwani, si kumpa mwimbaji chai. Ni kauli. Ukumbi wa taarab umetulia, wanawake wamekaa kwa safu, bashraf ya kufungulia imepita, mtribu, yaani mwimbaji, amesimama na mikono yake haitembei. Ubeti unafika pale unapofika. Bibi aliyekaa safu ya nne anauona umemsemea yeye, au umemsemea mke mwenzake, au jirani aliyemchongea. Anainuka. Hafanyi haraka. Anakwenda kwa mwendo wa madaha, noti juu, kila mtu amwone anakotoka na anakokwenda, na akipita mbele ya mlengwa wake pengine anazungusha mkono kidogo. Anaifikisha noti kwa mtribu, mtribu anaipokea bila kukatisha pumzi, anainamisha kichwa kidogo, ubeti unarudiwa. Kwa noti ile amelinunua neno. Kwa sekunde tano wimbo umekuwa wake, na aliyekusudiwa ameshapata habari zake.

Sasa tazama kura ya simu. Nayo ni pesa, maana ujumbe unatozwa. Nayo ni kauli: namtaka huyu, simtaki yule. Nayo unaituma nyimbo zikiendelea. Mwenye kuituma anajihesabu kuwa ana fungu katika sauti ile, na mshindi akitangazwa, yeye ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo mchezo unapofika mjini na jina la mshindi lipo kwenye bango, mpiga kura haendi kununua hadithi. Hadithi ya Maria na watoto saba anaweza kuikodi. Anakwenda kudai kuonana na mdaiwa wake. Mapromota wa London waligundua kwamba mtu akishatunza kwa mbali, atalipa tena, tena zaidi, ili atunze kwa karibu. Kitu hicho vyama vya taarab vya Unguja vilikuwa vikikijua kabla BBC haijazaliwa: Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905.

Tofauti ipo katika alikotoka nyota.

Katika chama, hakuna anayeanza mbele. Culture Musical Club pale Vuga, iliyoanzishwa mwaka 1958, au Ikhwan Safaa wenyewe, mtu huingia akakaa na waitikiaji. Anaitikia miaka. Anajifunza lini mtribu anavuta pumzi, lini fidla zinajibu, lini qanuni inaachwa peke yake. Anapewa wimbo mmoja, katika arusi, usiku umeshakwenda sana na waliokuja kutunza wengi wameshaondoka. Akiufikisha mwisho bila kumwangusha mpigaji yeyote atapewa mwingine. Ndiyo maana mtribu akiugua hakuna mguno: anayesimama mahali pake ukumbi unamjua, ulimwona akiitikia. Sina nia ya kuupamba utaratibu huu. Ni mzito, una upendeleo wake, na vijana wengi wenye vipaji wameuchoka wakaondoka. Lakini unazaa watu wanaoweza kuimba usiku kucha, kesho yake wakavuka bahari, na keshokutwa wakaimba tena.

Mtu ataniambia kwamba mashine kumtangulia mwimbaji si jambo geni kwetu, na atamtaja Siti binti Saad. Atakuwa amesema kweli nusu. Siti, aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, mtoto wa watu maskini aliyeanza kwa kuuza vyungu mjini, alisafirishwa mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi santuri, na wenzake akina Maalim Shaaban, Mbaruk, Budda bin Mwendo na Subeit. Santuri zile zilimfikisha kwenye miji ya mwambao ambayo hajapata kuikanyaga. Watu walimjua sauti kabla ya sura, na aliyepata kusikia santuri alitaka kumwona. Ni njaa ileile ya mpiga kura. Ila kampuni ya santuri haikumwokota Siti kwenye foleni ya usaili. Ilimkuta Ng'ambo, keshaimba zaidi ya miaka kumi, ana wapigaji wake, ana watunzi wake, nyumba yake imekuwa baraza. Santuri iliongeza ukumbi. Mwimbaji alikuwa tayari. Shaaban Robert alipokaa kuandika wasifu wake hakuwa na haja ya kuanzia Bombay.

Televisheni nayo tuliianza mapema. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi mapema katika miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri hadi mwaka 1994. Kwa muda wote huo taarab ilionyeshwa kama ilivyo, kikundi kizima, wapigaji wameketi na mtribu amesimama. Haikumpitia mtu akilini kwamba siku moja kioo hicho kitauliza nani atolewe.

Mchezo wa nyimbo wenye kusafiri, wa aina yetu, ulitoka Bara. Katika miaka ya 1980 na 1990 Dar es Salaam ilikuwa na makundi makubwa ya sanaa za maonyesho: Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga, na kuanzia mwaka 1992 Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Aliyepata kukaa katika onyesho lao hasahau. Lilianza alasiri na kwenda hadi usiku: ngoma, sarakasi, vichekesho, kwaya, igizo lenye mume mlevi na mke mwenye akili, kisha taarab. Kwa kiingilio kimoja unapata kila kitu. Sijui kama kuna mtu wa Broadway angeliita lile mchezo wa nyimbo, wala sijali. Lilikuwa na hadithi, lilikuwa na nyimbo, lilikuwa na lori.

Na lilikuwa na shida ileile ya jina. Kundi linafika Morogoro au Tanga, siku mbili, linaondoka. Ngoma nzuri wanayo hata wenyeji. Kilichojaza ukumbi ni mwimbaji wa taarab anayejulikana, na nyota wa taarab walikuwa Unguja. Khadija Kopa aliyekuwa akiimba Culture Musical Club alivuka kwenda TOT mwanzoni mwa miaka ya 1990, na taarab ya Bara haikurudi tena ilivyokuwa. Muungano walikuwa na Nasma Khamis. Ushindani wao ukawa mchezo wa pili, unaochezwa nje ya jukwaa: wimbo unatoka huku, jibu linatoka kule, mashabiki wanagawanyika kama Simba na Yanga. Viongozi wa makundi wakajifunza kunyang'anyana nyota, na hawakuwa na haya katika hilo. Lakini angalia alichovuka nacho Khadija Kopa. Alivuka na jina, naam, na pia na pumzi aliyoipata chamani. Onyesho la saa sita halikumtisha.

Shindano la televisheni lilipokuja likakuta soko hili limeshalainika. Mshindi wa Bongo Star Search ya mwaka 2010 alikuwa binti anayeitwa Mariam Mohamed, na taarab ya kisasa ikamfungulia mlango. Ukatazame mabango ya wakati ule: jina lililobandikwa ni Mariam BSS. Nalipenda jina hilo kwa ukweli wake. Waimbaji wa taarab huitwa kwa baba zao, kwa waume zao, kwa mitaa, kwa wimbo uliowatoa. Huyu aliitwa kwa kituo chake cha kura. Kundi lililomwandika hivyo lilikuwa linamwambia shabiki waziwazi: ni yuleyule uliyemtumia ujumbe, njoo umalizie. Faraja ni kwamba taarab yenyewe ilimlazimisha kukaa na wenzake, kuitikia na kuitikiwa, na jukwaa la taarab halina mkato wa dakika mbili.

Nairobi walijaribu njia iliyo karibu zaidi na ile ya London. Mshindi wa Tusker Project Fame ya kwanza, mwaka 2006, alikuwa Valerie Kimani, na baada ya hapo akaonekana katika Mo Faya, mchezo wa nyimbo wa Eric Wainaina kuhusu mtangazaji wa redio na mtaa wa mabanda, uliofika hadi New York mwaka 2009. Wainaina alikuwa ameuandika yeye mwenyewe, na, tofauti na wa London, aliyaimba yake jukwaani. Nyota wa televisheni aliingia katika kazi yenye mwenyewe. Nadhani hiyo ndiyo hali pekee ambamo mpango huu unampa mwimbaji kitu na si kumchota tu.

Unguja haijapata mchezo wa namna hiyo, na sababu si ukosefu wa waimbaji. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha Mizingani, kimetoa wapigaji na waimbaji wanaoweza kusimama popote. Ukumbi tunao, tena wa bure kwa macho: Ngome Kongwe, ngazi zake za mawe, anga juu, na popo. Kinachokosekana ni mwenye pesa wa kuwaweka watu ishirini pamoja miezi mitatu wakifanya mazoezi kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Mwenye pesa akitokea, jambo la kwanza atakalouliza ni nani yumo. Hatauliza hadithi.

Hapo Ngome Kongwe pana chekeche jingine ambalo napenda kulitaja. Tamasha la Sauti za Busara, linalofanyika Februari tangu mwaka 2004, linataka muziki upigwe hapohapo jukwaani. Nyota anayetembea na wimbo wake ndani ya kifaa na kuyafuatisha maneno kwa midomo hana nafasi. Sheria hiyo peke yake imewapunguza washindi wengi wa televisheni bila mtu kuwatukana. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe ambaye umri wake hakuna aliyeuafiki, alipanda jukwaa lile na ngoma yake mapajani, na hakuhitaji kitu zaidi ya mtu wa kumwashia sigara.

Nimalizie kwa shangazi.

Sikukuu moja ya Idi, miaka kadhaa iliyopita, gari la matangazo lilipita Michenzani likimtaja yule mshiriki wake. Alikuwa anakuja na kundi kutoka Dar, igizo na muziki, usiku mmoja tu. Simtaji mwimbaji wala kundi wala ukumbi. Shangazi alitia udi nguo zake tangu adhuhuri. Alikuwa na noti mpya ya shilingi elfu kumi, aliyoikunja mara moja tu ili isichakae, na akaniambia nimpeleke mapema tukae mbele.

Igizo lilikuwa la kawaida, mafundi wa sauti wakapambana na spika moja iliyokoroma, na waigizaji wasiojulikana, vijana wawili na mama mmoja mnene mwenye vichekesho, wakaubeba usiku mabegani. Nyota alitokea baada ya saa mbili. Ukumbi ukalipuka. Aliimba pleibeki, nyimbo tatu, akitazama simu zilizoinuliwa kumpiga picha.

Katika wimbo wa pili shangazi aliinuka. Nilimwona akienda kwa ule mwendo, noti juu, na wanawake wa makamo wakampisha kwa sababu wanaujua. Alifika, akanyoosha mkono. Binti aliipokea noti bila kumtazama, akaiweka juu ya spika, akageukia simu nyingine. Hakuinamisha kichwa. Sidhani alikusudia ubaya. Hakuna aliyewahi kumfundisha.

Shangazi hakurudi kukaa. Alisimama palepale mpaka ubeti ukaisha, kisha akanyoosha mkono tena, taratibu, akaitwaa noti yake juu ya spika. Safu ya mbele ikaanza kucheka. Akapanda ngazi mbili za jukwaa, akapita nyuma ya nyota, akamwendea yule mama mnene aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha igizo akisubiri zamu yake, akaibandika noti mkononi mwake. Mama yule alisimama, akapiga goti kidogo, akambusu mkono.

"Miye nimemtunza kwa simu mara kumi," aliniambia tulipokuwa tunatafuta viatu vyetu mlangoni, "na leo ya kumi na moja nimejitunza mwenyewe. Haya, twende, kesho nina wageni."